Siki ya Mke Wangu

Maji ya kisima chetu hapa Mbagala yana chumvi ya kukoleza mchuzi. Ukitia sabuni ya unga haitoi povu, unaongeza. Haitoi, unaongeza tena, mpaka taulo likikauka linasimama lenyewe ukutani kama papa mkavu. Kila nikitoka kuoga najifuta kwa papa.

Dobi wa mtaani akanihurumia. "Taulo halina kosa, baba. Ni chumvi na sabuni zimegandamana kwenye nyuzi. Maji ya mwisho ya kusuuzia tia siki nyeupe, nusu kikombe kwa beseni, uache robo saa. Ila usije ukaichanganya na jiki, itatoa hewa ya kukukata pumzi."

Nikaondoka nimeshika mawili: siki ndiyo, jiki hapana. "Nyeupe" na "nusu kikombe" vilibaki kwa dobi.

Mke wangu alikuwa Tanga, harusini. Jikoni nikakuta chupa ya siki imejaa, na chini yake vitu vyekundu vimelala. Nikadhani ni viungo vya kuleta harufu. Nikaichuja kwa chujio la chai, najiona fundi, nikamimina yote. Taulo mawili, langu na lake, yakalala humo usiku kucha.

Ijumaa asubuhi nikayaanika, saa tano yamekauka. Wallahi, yalikuwa laini! Na harufu ya siki yote imekwenda na jua. Nikaoga, nikajifuta uso. Nikajifuta kifua. Nikashuka.

Sitaeleza zaidi, watoto nao wanasoma. Niseme tu kwamba moto ulianzia kwenye kope, na ulipofika huko kwingine nilikuwa nimeshasahau kama nina kope.

Nikarudi kujimwagia maji. Maji ndiyo kwanza yakausambaza. Nikajitanda khanga ya mke wangu, nikatoka uani naruka kama bisi kwenye sufuria, na majirani wote wakapata nafasi ya kusoma mgongoni kwangu: MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA.

Bibi wa nyumba ya pili alikuwa anachambua mchele. Hakuuliza kitu. Alinusa tu.

"Pilipili kichaa hiyo. Haisikii maji, mwanangu, paka mafuta ya nazi."

Akanipa kopo, akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanamcheza.

Mafuta yalisaidia. Siku hiyo niliingia msikitini nang'aa kama andazi, na jamaa niliyesimama naye safu moja mpaka leo ananiuliza napaka nini.

Jumamosi nikalifua taulo langu upya, sabuni mara tatu, nikajiona nimemaliza kesi. Jumapili jioni mke wangu akarudi na vumbi lote la safari, akapitiliza kuoga. Mara nikasikia sauti bafuni:

"Baba Zuhura! Taulo langu umelifanya nini, mbona laini hivi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nijisifu, ndipo nikakumbuka kwamba nililolifua upya lilikuwa moja.