Nyonga bandia na msimu wa korosho

Mama mdogo alirudi Nanyamba, mkoani Mtwara, kutoka Dar es Salaam akiwa na nyonga mpya na maagizo mawili yanayogombana. Daktari aliyempasua alimwambia aitunze, isije ikalika mapema. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akamwambia atembee kila siku. Mama mdogo akashika la daktari. Msimu mzima wa korosho alikaa barazani akihesabu magunia ya wenzake.

Hofu ya daktari haikutoka hewani. John Charnley, Mwingereza aliyeweka msingi wa upasuaji huu, mwishoni mwa miaka ya 1950 alitumia kikombe cha Teflon, aina ya plastiki inayoteleza, ambamo kichwa cha chuma huzunguka. Kililika upesi, na wagonjwa wakarudishwa kwenye meza ya upasuaji. Mwaka 1962 akahamia plastiki ngumu zaidi, lakini nayo husagika. Vumbi lake likinaswa na chembe za kinga za mwili, mfupa unaoizunguka nyonga huanza kuliwa, na chuma hulegea. Kinachoila plastiki ni hatua kuliko miaka. Mtu wa kutembea hufikisha hatua kama milioni moja kwa kila mguu kwa mwaka, na kila hatua nyonga hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili.

Hivyo wanaosema "tulia" wana lao. Kurudia upasuaji ni kazi nzito kuliko wa kwanza, maana mfupa umeshapungua, na kutoka kwetu hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Ukiwa kijana mwenye selimundu, ambaye kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu, hesabu ya miaka inakubana zaidi kuliko mama wa miaka 65.

Ila plastiki ya leo siyo ile ya zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hupigwa mionzi ili iwe sugu, na husagika kidogo sana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la Lancet ulikadiria kuwa nyonga 58 hivi katika kila 100 hudumu miaka 25, na nyingi kati ya hizo ziliwekwa kabla ya plastiki hiyo kuenea. Kukaa nako kuna gharama: misuli inayoishika nyonga isitoke mahali pake hunyauka, na mwenye misuli minyonge ndiye anayejikwaa. Kujikwaa tu kunaweza kuibebesha nyonga mara nane ya uzito wa mwili.

Mimi nipo upande wa mtaalamu wa mazoezi, kwa sharti. Kwa mama mdogo siogopi njia ya shambani; naogopa kigoda. Ukikaa chini vile na kuinama kubangua, magoti yanapita usawa wa nyonga, na hapo ndipo nyonga inapoweza kuchomoka, hasa miezi ya mwanzo. Choo cha kuchuchumaa vilevile. (Na kupanda mkorosho kupogoa? Hapana, hata kwa mwenye nyonga aliyozaliwa nayo.) "Tunza" bila kutaja kigoda ni agizo nusu.

Msimu huu fundi amemtengenezea kiti kirefu kilichotobolewa katikati, kwa ajili ya chooni. Shambani anakwenda kwa miguu asubuhi na bakora yake, anazisukuma korosho kwa ncha ya fimbo mpaka ziwe fungu, kisha anamwita mjukuu aokote.