Hizo Sasa ni za Kuku

Shangazi yangu ni mtu wa Mombasa, na kwake yeye maji yasiyo na chumvi ni ya kuoshea vyombo. Alikuja kwetu Busia, upande wa Uganda, kwa harusi, na harusi ilipokwisha akagoma kuondoka kabla hajaonyeshwa "hiyo bahari yenu". Nikamwambia ni ziwa, Shangazi, Ziwa Viktoria. Akasema yote mamoja, nipeleke.

Basi nikampeleka visiwa vya Ssese. Meli ya MV Kalangala iling'oa nanga Nakiwogo, pale Entebbe, saa nane mchana, ikachukua kama saa tatu na nusu kufika Lutoboka kwenye kisiwa cha Bugala. Muda wote huo nilikuwa kizimbani.

"Maji haya hujaa na kupwa saa ngapi?"

"Hayajai wala hayapwi, Shangazi."

"Papa wamo?"

"Hawamo. Mamba na viboko wamo."

Hapo alivuta miguu yake ndani kidogo, ingawa tulikuwa tumekaa ghorofani. Nikaona nimepata upenyo, nikajitutumua: visiwa hivi, Shangazi, ni 84! Akauliza kama katika hivyo 84 kuna hata kimoja chenye minazi ya maana. Nikamwambia Bugala imejaa michikichi, mashamba kwa mashamba. Akaniangalia kwa huruma.

"Mchikichi si mnazi, mwanangu."

Asubuhi nikavaa shati langu jeupe la harusini, maana nilishawaahidi watu picha za ufukweni. Shangazi akavaa buibui, akachukua mwavuli wake mweusi aliotoka nao Mombasa. Kijana wa bodaboda alipotuona akaelekeza kidevu ziwani, akasema, "Mama, hiyo wingu inakuja huku." Wenyeji hawabahatishi katika mambo haya. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji, ngurumo hujikusanya huko huko, na asubuhi visiwa huamkia mvua.

"Mimi nimeona kusi na kaskazi," Shangazi alisema, akipanda boda upande upande, buibui ameikusanya mkononi. "Kawingu haka ndiko kanitishe?"

Tukashuka kwenye mwalo mmoja wa wavuvi. Dagaa zilikuwa zimeanikwa juu ya nyavu kuukuu, zinameta kuanzia vibandani hadi karibu na maji, na akina mama wanapita wakizigeuza. Kwenye mwalo kuna makabila chungu nzima, kwa hiyo Kiswahili kinatosha kabisa kugombana bei. Shangazi akachuchumaa, akachagua dagaa mmoja, akamng'ata kichwa, akatafuna taratibu huku amefumba macho, kisha akatoa hukumu.

"Mbichi."

"Mama, hii nimeanika leo asubuhi," mwenye dagaa akajitetea. "Jua ikikuwa mzuri, jioni imekauka."

"Basi nipe kwa bei ya mbichi."

Wakavutana hapo, bei ikipanda na kushuka, mimi nikitafuta pembe ya kupigia picha ambayo haina dagaa. Sikuipata. Nilikuwa bado naitafuta tone la kwanza liliponigonga kisogoni, kubwa, la baridi. Mtu akapiga kelele, "Banange, enkuba!" na mwalo mzima ukatimka.

Kwa asiyejua: dagaa ikinyeshewa kabla haijakauka huanza kuoza, na bei ya mezani inakufa hapo hapo. Inayobaki ni ya chakula cha kuku. Ndiyo maana watoto, wazee, wavuvi waliokuwa wamelala baada ya kukesha na taa ziwani, wote walikuwa wanakimbia na makarai, magunia na maturubai. Na katikati yao, sijui alipewa cheo hicho na nani, amesimama Shangazi akitoa amri.

"Kunja wavu! Kunja kwa ndani! Wee mwanangu, umesimama hapo kama mlingoti, shika ncha ile!"

Nikashika. Yeye akafungua mwavuli, akaukinga juu ya karai la dagaa alilokuwa akililia bei. Upepo ukaja, mwavuli ukapinduka, ukamvuta, akanidaka shati. Mimi nilikuwa narudi kinyumenyume na wavu uliojaa, kwenye tope jekundu. Miguu ikaenda Entebbe, mgongo ukabaki Kalangala. Nikaketi kwa uzito wangu wote juu ya fungu la dagaa lililokuwa bado halijafunikwa, kisha nikalala, kisha nikateleza nalo mpaka lilipoishia. Dagaa zikaingia mifukoni na kwenye kola, na moja ikapanda mkono wa shati mpaka kwapani.

Mama mwenye dagaa akaja, akaniinamia, akatazama nilipopita. Hata pole hakunipa.

"Hizo sasa ni za kuku."

Tulijibanza kibandani mpaka adhuhuri, tukinywa chai, mvua ikipiga mabati hata husikii wa pembeni. Shangazi yeye alisikika. Alikuwa ananipigania fidia: "Amezikalia tu, hajazila!" Wakakubaliana nilipe nusu bei, na fungu liwe langu. Shilingi elfu ishirini zikanitoka, nikakabidhiwa gunia la dagaa zenye umbo la mgongo wangu.

Kwenye nyumba ya wageni niliombwa kwa adabu nivue shati nje. Paka wawili walilinda mlango usiku kucha. Kwenye meli ya kurudi, saa mbili asubuhi, watu walibanana kama kawaida, lakini benchi letu lilikuwa na nafasi ya familia nzima. Shangazi akanyoosha miguu, akasema kwa kweli meli za Uganda zina nafasi.

Busia alikaa siku mbili tatu akizianika dagaa uani, kisha akamwita jirani yetu mfuga kuku. Sikusikia waliyozungumza. Nilimwona jirani akitoka na gunia, na Shangazi akihesabu noti: elfu kumi, ishirini, thelathini, thelathini na tano. Nikanyoosha mkono.

"Na mwavuli wangu atalipa nani?" akauliza, akazifunga kwenye pindo la leso.

Jioni akapanda basi la Mombasa.