Niachieni madenti yangu kwenye gari

Juzi hapo Changamwe niliingia nyuma ya lori, spidi yenyewe hata si ya kutaja, na pua ya kigari changu ikajikunja kama kopo. Watu walivyokusanyika ikawa kicheko tu, ati magari ya siku hizi makaratasi, ati ya zamani ungegonga na bampa isichubuke hata rangi. Mimi nimesimama pale mzima, shingo yangu iko, magoti yangu yako, na bado nahurumiwa kwa ajili ya bati.

Nikapeleka kwa fundi, mzee wa watu, akatoa bampa akanionyesha yale mabomba mawili ya mraba yanayoishikilia, yamejikunja kama marinda ya sketi ya shule. "Hii mwanangu ni bati tupu, ndani hewa. Nikuwekee engo nzito ya chuma niichomelee mpaka kwenye chesisi, hutasumbuka tena." Na wallahi alikuwa ananitakia mema.

Sasa si ndo shida yetu hiyo? Lile bomba ni jembamba maksudi. Gari likigonga ile nguvu ya mwendo lazima iishie mahali, na kila rinda linalopigwa kwenye bati linakula fungu lake. Piga hesabu: uko kilomita 50 kwa saa, ukisimama ndani ya sentimita 60 mwili unabebeshwa kama mara 16 ya uzito wako, mkanda ukiwa umefunga unatoka. Ukisimama ndani ya sentimita 5 kwa sababu ya engo ya ami fundi, ni karibu mara 200! Béla Barényi, injinia wa Mercedes-Benz, alishaliona hili mwanzoni mwa miaka ya 1950, na 1959 wakatoa gari la namna hiyo, katikati pagumu, mbele na nyuma pa kukunjika. Sisi mpaka leo tunasifu ugumu.

Chukua kopo tupu la soda, lisimamishe, lipande taratibu kwa mguu mmoja, linakubeba. Mtu aliguse ubavuni kwa vidole viwili tu, puu, limelala. Basi bomba nalo latoka kiwandani na videnti vyake, yaani vibonyeo, ili kukunjika kuanzie pale na lile pigo la kwanza lisiwe kali sana. Fundi wetu akiviona anadhani ni ajali ya zamani, anagonga nyundo, anapiga pati, analainisha, anakulipisha.

Kijana wake akaja na lake, ati tujaze ndani lile povu la kupulizia la fremu za milango ya nyumba. Wazo lenyewe si la kijinga, kuna mabomba yanajazwa povu la alumini, vitundu tele kama mkate wa kumimina. Povu linapondeka lenyewe na papo hapo linazuia bati lisiangukie ndani, kwa hivyo marinda yanakuwa mafupi na mengi, na vikiwa pamoja vinakula nguvu zaidi kuliko ukijumlisha bomba peke yake na povu peke yake. Lakini linapimwa, manake likiwa zito mno bomba halikunjiki, linapinda kama fimbo ama linakupitishia pigo lote hadi kwenye kiti, na hata lililo zuri vitundu vikiisha limekuwa jiwe. La milango ni laini mno, kazi yake pale ingekuwa kushika maji ya chumvi, na kutu Mombasa hii hatujaikosa.

Nikatafuta mabomba yaliyotolewa kwenye gari la aina ileile, mazima, nikampelekea. Ami akayageuza geuza, akapitisha kidole kwenye madenti. "Na haya niyapige pati?"

"Hayo ami usiyaguse."

Akanitazama vile unavyomtazama mtu aliyepigwa na jua, akayafunga hivohivo. Ila bampa upande wa kushoto bado inacheza, Jumamosi narudi.