Unafiki wao haujaifuta kanuni

Taja haki za binadamu katika mjadala wowote wa siasa hapa kwetu, hutakosa mtu wa kukujibu: wazungu walewale waliotutawala kwa mjeledi ndio leo watufundishe utu? Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Ninachokipinga ni mruko unaofuata, pale mtu anapotoka kwenye "hao ni wanafiki" na kutua kwenye "kwa hiyo kanuni yenyewe haituhusu."

Unafiki wenyewe hauna ubishi. Tarehe 10 Desemba 1948 Uingereza ilipiga kura kuunga mkono Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, linalosema hakuna mtu atakayeteswa. Mwaka 1951 ikawa nchi ya kwanza kuridhia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na Oktoba 1953 ikatangaza kwamba mkataba huo unayahusu pia makoloni yake, Kenya ikiwemo. Wakati huo Kenya ilikuwa imemaliza mwaka mzima chini ya hali ya hatari. Maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakisombwa kupelekwa kambini bila kufunguliwa kesi, kwa kosa la kushukiwa kuwa wamekula kiapo cha Mau Mau.

Juni 1957, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu namna ya kuwapiga wafungwa bila kuvuka mipaka ya sheria. Alieleza hata sehemu za mwili zisizofaa kuguswa: wengu, ini na figo. Wapigaji nao wawe watulivu, wasipige kwa hasira. Kisha akaongeza kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya.

Neno hilo "kimyakimya" ndilo linalonikera kuliko mengine yote, na ndilo linalonithibitishia jambo kubwa. Mtu asiyeiamini kanuni hana haja ya kujificha. Griffith-Jones alijua vizuri kwamba kumpiga mfungwa ni dhambi, Nyeri kama London. Kwa hiyo yule anayesema haki za binadamu ni desturi ya wazungu tu, isiyomhusu Mwafrika, anashika msimamo ambao hata wakoloni hawakuthubutu kuuandika hadharani.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa waliokataa kazi ya kulazimishwa walipigwa virungu hadi 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai walikufa baada ya kunywa maji. Daktari alipochunguza maiti, uongo ule haukusimama. Hata hivyo, hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa vifo hivyo.

Usiku mmoja wa Julai 1959 suala hilo lilijadiliwa katika Bunge la Uingereza, na mmoja wa waliosema kwa ukali kabisa alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe. Aliwaambia wenzake kwamba hawawezi kuwa na viwango vya Kiafrika kwa Afrika, vya Kiasia kwa Asia, halafu labda vya Kiingereza nyumbani kwao. Alikataa pia kwamba marehemu wahesabiwe kuwa si watu kamili ili vifo vyao visiwe na wa kuwajibika. Ndiye Powell huyohuyo ambaye Aprili 1968, mjini Birmingham, alitoa hotuba ya kuwachochea Waingereza dhidi ya wahamiaji weusi na Waasia. Nimewahi kuambiwa kwamba mtu wa namna hiyo hafai kunukuliwa na Mwafrika yeyote. Mimi namnukuu. Aliyoyasema kuhusu Hola yalikuwa kweli siku ile na ni kweli leo, na ndiyo hayohayo yanayoihukumu hotuba yake ya Birmingham.

Wazee wetu walioteswa katika kambi hizo walilielewa hili kuliko wasomi wengi. Walipoishtaki serikali ya Uingereza huko London, hawakudai kanuni mpya. Walichukua ileile Uingereza iliyojifunga nayo. Serikali ilijitetea kwanza kwamba deni hilo lilirithiwa na Kenya siku ya uhuru, na hoja hiyo iliposhindwa mwaka 2011 ikadai kwamba muda umepita mno. Oktoba 2012 jaji akaikataa na hiyo. Mmoja wa wadai alikuwa ameponea chupuchupu pale Hola. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza majuto ya serikali na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Ni fedha kidogo ukizigawa, na neno lililotumika halikuwa msamaha kamili. Lakini walishinda.

Miezi minne tu baadaye, Oktoba 2013, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa na kuazimia kwamba rais aliye madarakani asishtakiwe katika mahakama yoyote ya kimataifa. Kilichowakusanya ni kesi za Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC), zilizotokana na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambamo watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Walilalamika kwamba mahakama inawaandama Waafrika peke yao. Kwa hilo walikuwa na haki ya kulalamika. Marekani ilipiga kura mwaka 2011 kuipeleka Libya mbele ya ICC, mahakama ambayo yenyewe haijajiunga nayo. Na hata juzi juzi, hati ya kumkamata Putin ilisifiwa Washington, ila ya Netanyahu ilipotoka Novemba 2024, sifa zikageuka shutuma, na miezi michache baadaye ICC ikawekewa vikwazo.

Haya, wote ni wanafiki. Wale 1,100 wetu je? Unafiki wa Washington umewapa nini? Malalamiko ya Addis Ababa hayakuambatana na ahadi ya kuwashtaki wahusika nyumbani. Yalikuwa ya kuwafungulia mlango wakubwa.

Nyerere alishawahi kuusema ugonjwa huu. Mwaka 1975 Tanzania ilisusia mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, ikipinga kumtukuza Idi Amin na ikikemea Afrika inayopaza sauti mweusi akiuawa na mzungu lakini inanyamaza akiuawa na mweusi mwenzake. Najua Nyerere naye alikuwa na sheria yake ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kesi, na waliosota chini ya sheria hiyo wana haki ya kuuliza. Acha waulize. Amin hakupata uhalali wa kuua kwa sababu Tanzania ilikuwa na mahabusu.

Na Nairobi kwenyewe, katika miaka ya 1980, ndani ya vyumba vya chini vya Nyayo House, jengo la ofisi za serikali, Wakenya walivuliwa nguo, wakapigwa, wakafungiwa kwenye maji na njaa na serikali ya Waafrika wenzao. Wengine walikwenda mahakamani baadaye, mahakama ikawapa fidia, na wapo ambao bado wanaisubiri. Wengine walikutana na mawakili wa serikali ya Kenya waliosimama kudai kwamba wamechelewa mno kushtaki, hoja ileile ambayo Uingereza iliwatolea wazee wa Mau Mau ikashindwa. Serikali iliyofurahia ushindi wa wazee kule London iiondoe hoja hiyo katika kesi hizi na iwalipe watu hawa wakiwa bado hai.