Kifurushi kikihama: njia kamili au njia tegemezi?

Unda mazingira ya Python kwa venv (zana ya kutenga vifurushi vya mradi mmoja), sakinisha vifurushi vyako, kisha hamishia folda nzima kwingine. Ukiita pip ya humo, ile amri ya kusakinisha vifurushi, inagoma. Ifungue kwa kihariri, mstari wa kwanza unasema #!/home/asha/mradi/.venv/bin/python. Hiyo ni njia kamili, yaani inayoanzia mzizi wa mfumo (/), imeandikwa siku ya kusakinisha, na saraka hiyo haipo tena.

Wapenzi wa njia tegemezi, isiyoanzia / bali saraka fulani, watasema: si uandike tu ./python? Haitoshi. Keneli, yaani kiini cha Linux, haihesabu njia hiyo kuanzia faili ilipo, inahesabu kuanzia saraka aliyomo anayeita amri. Wengi huteleza hapohapo. Programu inayosoma ./data/orodha.txt inafanya kazi vizuri ukiiendesha mwenyewe, lakini ukiikabidhi cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, inaanzia kwenye saraka ya nyumbani ya mtumiaji, na faili haionekani.

Utegemezi wa kweli upo: Linux ina $ORIGIN, yaani tafuta maktaba kuanzia programu ilipo. Ni raha kwa programu ya kubeba kwenye flashi. Lakini mwaka 2010 glibc, maktaba ya msingi ya programu za Linux, ilikutwa na upenyo hapo: programu yenye mamlaka ya root (msimamizi mkuu) iliweza kudanganywa kuhusu mahali ilipo, na mtumiaji wa kawaida akajipatia mamlaka hayo.

Nix, mfumo wa kusimamia vifurushi, imekwenda upande wa pili kabisa. Kila kifurushi kinakaa chini ya /nix/store, jina likiwa na alama zake za kipekee, na hakihamishwi. Matoleo mawili ya maktaba moja yanaishi bila ugomvi. Gharama yake utaijua kwenye seva usiyo na ruhusa ya kuunda /nix: ukichagua saraka nyingine, vifurushi vilivyokwisha kutengenezwa havikufai, unavijenga upya kutoka kwenye msimbo. Andaa chai.

Mimi naona Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, ndiyo iliyokata vizuri. Sera yake inataka kiungo (faili inayoelekeza tu kwenye faili au saraka nyingine) kinachobaki ndani ya saraka kuu moja, tuseme /usr, kiwe tegemezi. Kinachotoka /usr kwenda /etc au /var kiwe kamili. Sababu ni ya kazini: msimamizi anaweza kuihamishia /var kwenye diski nyingine na kuacha kiungo mahali pake. Kiungo kilichomo humo chenye ../ nyingi (kila moja ni kupanda saraka moja juu) za kutokea nje kingeishia kusikojulikana; kinachoanza na /etc kitafika.