Kwa Wahadzabe hakuna ng'ombe wa mahari

Ukitaja ndoa za utotoni Dodoma, watu huona Ugogoni: ng'ombe wanahesabiwa zizini, wajomba wanadai fungu lao, binti hajaulizwa. Kampeni nyingi zimeshonwa kwa kipimo hicho. Ukizipeleka Mkalama, Singida, kwa Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya, hazikai.

Kule vijana huchaguana wenyewe, binti akiwa na miaka 17 au 18 hivi, kijana amemzidi kidogo. Mahari, ikiwapo, ni asali na shanga. Binti hukunja matawi, huyafunika nyasi, na kwa saa mbili hivi kibanda kimesimama. Wakilala humo, ni mke na mume. Mara nyingi huwa karibu na mama wa binti, na hapo ndipo penye uzito: bibi huchimba mizizi na kulisha wajukuu, na mkwe asiyeleta nyama wala asali husemwa mapema. Binti akichoka, anaondoka. Hakuna ng'ombe wa kurudisha.

Kwa hiyo wanaosema Wahadzabe waachwe na ndoa zao wana hoja. Ila ikitokea binti ameolewa mapema zaidi, nyonga ya miaka 15 haijakomaa, iwe ya Mgogo au ya Mhadzabe. Mtoto akikwama wakati wa uchungu, porini hakuna upasuaji.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, mvulana akisubiri 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali 2019. Ni sawa kabisa. Tatizo linaanza sheria inapofika kambini. Ndoa ya kimila inatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Nani anazihesabu kule? Wengi hawana cheti cha kuzaliwa, hivyo umri ni wa kukisia. Na binti akiwa bado mwanafunzi, kijana aliyemwoa anakabiliwa na miaka 30 jela, hata kama walichaguana. Wawili hao wakiogopa, watahama, na cha kwanza kukosa ni kliniki ya wajawazito.

Kabla ya semina nyingine ya mahari (mahari ipi?), mwandikishaji wa vizazi na muuguzi wangefika pamoja mwishoni mwa kiangazi, kambi zinapojikusanya karibu na maji. Mvua zikianza, familia hutawanyika tena.