Mtaalamu wa Viza wa Mtaa Wetu

Mimi pasipoti ya Tanzania niliiachia kwa hiari yangu. Msinianze, jamani. Sheria ya kwetu haitaki mtu mzima awe na uraia wa nchi mbili, ukishika huku umeachia kule, na mimi foleni za viza zilikuwa zimenitoa mvi kabla ya wakati. Nikashika ya Mwingereza, enzi hizo bado ile ya rangi ya damu ya mzee. Nikamwambia Mama Watoto: foleni katika ukoo huu zinaishia kwangu. Leo nikienda Tanga kumwona mama yangu nalipa dola 50 za viza kuingia nchi ambako kitovu changu kimezikwa. Nalipa kimya kimya. Moyoni najisemea, si kitu, wanangu watatembea dunia nzima mikono mifukoni.

Sasa mwoneni huyu binti yangu. Kazaliwa hapa hapa Reading, Uingereza, Kiswahili chake ni cha kuombea chapati tu. Anasoma Kihispania chuo kikuu, na mwaka wa tatu wanatakiwa wakaishi huko huko lugha inakozungumzwa. Kachagua Sevilla, Hispania. Nikamwambia hongera, mama, kata tiketi. Akanitazama vile wanavyotutazama tukishika rimoti.

"Baba, nahitaji viza kwanza."

Viza? Mwingereza? Nilitafuta kiti.

Ikabidi mtoto anipe darasa. Tangu tarehe 1 Januari 2021, Mwingereza akiingia nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ana siku 90 katika kila siku 180, basi. Zikizidi, awe anasoma au anaota jua, akaombe kama wanavyoomba wengine. Kura ilipigwa Juni 2016, waliotaka kutoka Umoja wa Ulaya wakashinda, tukatoka wote. Pasipoti zikarudishwa rangi ya bluu, wakasema ndiyo rangi ya kujitawala, halafu vitabu vyenyewe vikatengenezewa Poland. Hakuna aliyetuambia kwamba ukiwa na ya bluu unabisha hodi.

Akanionyesha orodha ya makaratasi. Wallahi, nilipoiona nilijisikia nyumbani.

Tuanze na polisi. Ukikaa Hispania zaidi ya siku 180, na yeye anakaa miezi kumi, wanataka cheti kwamba huna rekodi ya uhalifu. Mtoto huyu kosa lake kubwa maishani ni kuacha taulo bichi kitandani. Tukalipa, cheti kikaja, karatasi nzito ya heshima, na pale penye jibu pana maneno mawili tu ya Kiingereza, maana yake hana kitu. Nikashusha pumzi. Kumbe bado! Lazima kiende kwingine kikapigwe apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha kwamba sahihi iliyoko kwenye cheti ni sahihi ya kweli. Tukalipa. Muhuri ukaja. Huu muhuri nao nani anauthibitisha, nikauliza. Mama Watoto akaniambia ninyamaze wasije wakanisikia.

Halafu kitafsiriwe kwa Kihispania.

"Sasa hapo si ndipo kwako?" nikamwambia binti. Miaka miwili nzima anasomea lugha hiyo hiyo, ada zaidi ya pauni 9,000 kwa mwaka. "Chukua kalamu, tafsiri."

"Siruhusiwi, baba. Lazima awe mtafsiri aliyekula kiapo."

Nikamlipa mtu aliyekula kiapo atafsiri maneno mawili.

Daktari naye. Hispania hawataki kuambiwa mtoto ni mzima, hilo halitoshi. Barua iseme kwamba hana ugonjwa wowote wa kuhatarisha afya ya umma, kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Pale mapokezi tukaambiwa barua kama hiyo haimo kwenye matibabu ya bure, mlipe. Tukalipa. Barua ikatoka, nzuri sana, imesema binti ana afya njema na adabu. Adabu nani kaiuliza? Kanuni za mwaka 2005 hazimo hata kwa bahati mbaya. Ikarudi kuandikwa upya, na wakati huo huo tunahesabu tarehe, maana vyeti hivi vina umri wake. Kimoja ukichelewa nacho kinachacha kama wali wa jana, unaanza moja.

Kwenye pesa ndipo nilipoumbuka. Kipimo chao ni euro 600 kwa mwezi, kwa miezi kumi ni 6,000, na anayemlipia ni mimi, kwa hiyo akaunti yangu ndiyo inayovuliwa nguo. Mwaka 2000, Dar es Salaam, nilipokuwa naomba viza ya kuja huku, mjomba aliniwekea pesa benki zikalala kidogo, na akaniazima suti yake. Mjomba ni mtu wa miraba minne. Mikono ya koti ilinifunika vidole, jasho linanitiririka, nikishika faili utadhani linatembea lenyewe. Safari hii Mama Watoto ndiye aliyeokoa jahazi, zamu yake ya mchezo ilikuwa imefika na kina mama wenzake walimpa fungu lote. Lakini taarifa ya benki inaonyesha kila kitu, jamani. Nikaipitia kurasa saba: Ijumaa, kuku wa kukaanga. Ijumaa nyingine, kuku wa kukaanga. Afisa wa Hispania ambaye hanijui hata kwa sura sasa anajua nyumbani kwangu Ijumaa hakupikwi.

Wakati huo rafiki yake binti, wanaosoma darasa moja, bibi yake alizaliwa Ireland. Mtoto akajisajili kwa damu ya bibi, akapata pasipoti ya Ireland, ambao wao bado wamo Umoja wa Ulaya, akabeba begi, akaenda. Hakuna daktari, hakuna polisi. Binti akanifuata jikoni akanong'ona, "Baba, kwenye ukoo wetu kweli hakuna hata Mwairishi mmoja?" Nikafikiri kwa dhati, msidhani namdharau. Babu yangu mzaa baba ni wa Pangani. Mzaa mama alikuwa akivua samaki Kigombe. Labda kama kuna Mwairishi aliyepotea njia.

Sasa jirani yangu. Mwingereza wa kuzaliwa, mtu mwema, mwaka 2016 alibandika kwenye gari stika ya kutoka, na mpaka leo imebaki alama ya gundi. Mwanawe naye anakwenda Hispania. Jioni moja nasikia hodi, namkuta mlangoni na mfuko wa plastiki umejaa karatasi, uso umemshuka.

"Wewe ndiye mzoefu wa mambo haya," akasema.

Miaka yote mtaani hapa hakuna aliyewahi kuniona mzoefu wa kitu chochote, hata kuchoma nyama uani wananisimamia. Nikamkaribisha, nikabandika chai ya maziwa na tangawizi, nikavaa miwani. Nikapanga karatasi zake mezani, asili huku, nakala kule. Apostili alikuwa anadhani ni dawa.

"Kwa nini wanataka kujua nina pesa kiasi gani?" anauliza, kakasirika kweli. "Na wewe huku hukuulizwa hivyo, au sivyo?"

Nikakoroga chai.

"Mimi niliulizwa mpaka kama nitarudi kwetu," nikamwambia. "Mwandae kijana na hilo pia."

"Arudi? Hawezi kuacha kurudi! Huku kuna nini cha kumfanya mtu akimbie?"

Ilikuwa Julai. Sote wawili tukageuka tukatazama dirishani. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumanne.

Miadi ya kijana ilikuwa London, saa mbili unusu asubuhi. Jirani akauliza avae nini. Hapo sikusema neno, nikapanda juu, nikafungua kabati. Mjomba suti ile hakuitaka tena, aliniambia kaa nayo, huwezi kujua. Asubuhi nikamkuta kijana kituoni Reading anangoja treni ya Paddington, mwembamba kama ufito, mikono ya koti imemfunika vidole. Nikamkunjia mkono mmoja, babake akamkunjia wa pili.

"Nakala mbili mbili?" nikamwuliza.

Mbili alikuwa nazo. Picha ndiyo kaisahau nyumbani.